Darjeeling: mji wa mlimani usiotaka haraka

Kwenye vituo vya teksi vya Darjeeling, matembezi huuzwa kwa hesabu ya "pointi". Pointi tatu ni safari ya alfajiri: kilima cha Tiger Hill kutazama jua likichomoza, nyumba ya watawa ya Ghum, na mzunguko wa reli wa Batasia. Pointi saba ni za mchana: bustani ya wanyama, chuo cha wapanda milima, mwamba wa Tenzing, shamba la chai, hekalu la Wajapani na kadhalika. Mgeni hulipa, hupanda jipu, hushushwa, hupewa dakika chache za kupiga picha, kisha huitwa aingie tena garini. Jioni orodha imekwisha, na kesho yake wengi wameshafunga mabegi.

Hivyo ndivyo Darjeeling inavyouzwa, na kwa namna hiyo mgeni hupunjwa. Mji huu uko kaskazini kabisa mwa jimbo la Bengal Magharibi nchini India, juu ya mgongo mwembamba wa mlima, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Vichochoro vyake ni ngazi, na njia zake za mkato ni za miguu. Kila kinachostahili kutazamwa hapa ni kazi ya watu waliojifunza kuishi kwenye mteremko: waliopandisha reli mahali ambapo gari la ng'ombe lilipanda kwa shida, waliootesha chai penye mwinamo wa kutisha, na waliotokea hapa kwenda Everest. Watu hao, au wajukuu wao, bado wapo kazini. Anayetembea polepole hukutana nao. Anayekimbizwa na jipu huona paa za nyumba zao tu.

Mlima unaojificha

Kwanza kabisa, wageni huja kwa ajili ya Kangchenjunga. Kwa mita zake 8,586, ni mlima wa tatu kwa urefu duniani, nao umesimama kwenye mpaka wa Nepal na jimbo la Sikkim, kilomita sabini na kitu kutoka mjini. Asubuhi ya kwanza wengi huutafuta mahali pasipo. Hutazama usawa wa vilima vya mbele, hawaoni kitu, hukata tamaa. Kisha mtu huwaambia wainue macho, na hapo hugundua kwamba lile walilodhani ni wingu jeupe lililotulia angani ndiyo theluji yenyewe.

Hadi katikati ya karne ya 19, Kangchenjunga ilidhaniwa kuwa ndio mlima mrefu kuliko yote duniani. Hesabu za wapima ardhi wa India za mwaka 1852 ndizo zilizoonyesha kwamba kuna mwingine unaouzidi, ule ambao leo tunauita Everest. Watu wa kwanza kuupanda Kangchenjunga walikuwa Joe Brown na George Band, tarehe 25 Mei 1955, katika msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Evans. Walifika hatua chache kutoka ncha ya juu kabisa, wakasimama. Msafara ulikuwa umemwahidi mtawala wa Sikkim kwamba ncha hiyo haitakanyagwa, kwa kuwa kwa watu wa Sikkim mlima huu ni mtakatifu. Wapandaji wengi waliofuata wameiheshimu ahadi hiyo.

Tiger Hill, kilima chenye kimo cha mita 2,590 kilicho kama kilomita 11 kutoka mjini, ndipo penye umaarufu wa mawio. Majipu huanza kunguruma saa kumi alfajiri, na katika msimu wa wageni barabara hujaa msururu wa taa. Hali ya hewa ikiwa njema, mtu husahau baridi na msongamano. Kangchenjunga hupata jua kabla ya jua lenyewe kuonekana: ncha huanza kwa waridi, hugeuka rangi ya chungwa, kisha weupe hushuka taratibu hadi kwenye mabonde. Mbali upande wa magharibi hutokeza kilele cha Everest, kidogo kama jino, kwa sababu kiko zaidi ya kilomita 160. Makalu, mlima wa tano duniani, uko karibu zaidi na hivyo huonekana mrefu kuliko Everest, na wageni wengi hupiga picha ya Makalu wakidhani wamepata Everest.

Asiyependa msongamano ana njia nyingine, tena ya bure. Barabara ya Mall huzunguka kilima cha Observatory katikati ya mji, na upande wake wa kaskazini umefunguka moja kwa moja kuelekea theluji. Wakazi hupita hapo kila asubuhi kwa mazoezi, wazee wakiwa na fimbo na masweta mazito, watoto wakiwa na sare za shule. Mgeni anayejiunga nao saa kumi na mbili hupata mandhari yaleyale ya Kangchenjunga, na pia hupata salamu.

Jambo moja ni lazima lisemwe waziwazi: mlima unaweza usionekane. Kati ya Juni na Septemba, mvua za masika ya India huufunika mji kwa ukungu, na siku nyingi huenda mtu asione hata upande wa pili wa barabara. Oktoba na Novemba ndio wakati wa anga safi zaidi. Desemba hadi Februari ni baridi kali, lakini asubuhi nyingi huwa angavu. Machi hadi Mei kuna maua mengi, ingawa utusiutusi huwepo. Satyajit Ray, mwongozaji mashuhuri wa filamu kutoka Bengal, aliujua vizuri ukungu huu. Filamu yake ya mwaka 1962, *Kanchenjungha*, iliyokuwa ya kwanza kwake kwa rangi, inaifuata familia iliyo likizoni Darjeeling katika mchana mmoja, na mwanga na mawingu ya mji hubadilika pamoja na mioyo ya wahusika.

Reli ya sentimita 61

Kabla ya reli, bidhaa zilipanda kutoka mji wa Siliguri, ulio tambarare, kwa magari ya ng'ombe. Gharama ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchele ulifika Darjeeling bei yake ikiwa imezidi maradufu. Franklin Prestage, msimamizi wa Reli ya Bengal Mashariki, akapendekeza reli nyembamba ifuate barabara hiyohiyo ya magari ya ng'ombe. Kazi ilianza 1879, na mwaka 1881 garimoshi likaingia Darjeeling.

Upana kati ya vyuma vyake viwili ni sentimita 61 tu. Kutoka kituo cha New Jalpaiguri hadi Darjeeling ni kama kilomita 88, na katika safari hiyo garimoshi hupanda kutoka mita kama 100 hadi mita 2,258 katika kituo cha Ghum, kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote nchini India. Hakuna magurudumu ya meno yanayong'ang'ania reli kama katika baadhi ya reli za milimani huko Ulaya. Hapa wajenzi walitumia akili badala ya nguvu. Penye nafasi, reli hujizungusha na kupita juu yake yenyewe, ikipata kimo bila kuongeza mwinamo. Pasipo nafasi, garimoshi husonga mbele hadi mwisho wa njia, husimama, hurudi kinyumenyume likipanda kipande cha pili, kisha husonga mbele tena kwenye cha tatu, na abiria hujikuta wakiitazama kutoka juu reli waliyopita dakika chache zilizopita.

Injini za mvuke za aina iitwayo B zilianza kuundwa 1889, na baadhi ya zinazovuta mabehewa leo zina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Kuzitazama zikifanya kazi ni somo la uhandisi na la ujasiri pia. Reli ikilowa, wafanyakazi hukaa mbele kabisa ya injini wakinyunyiza mchanga juu ya chuma kwa mkono ili magurudumu yasiteleze. Mwingine hupasua makaa ya mawe. Dereva hupiga honi karibu bila kukoma, maana reli huvuka barabara kila mara na hupita mbele ya maduka kwa karibu mno; abiria akinyoosha mkono anaweza kugusa vitunguu vya mchuuzi.

Mwaka 1999 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia, ikiwa reli ya pili tu duniani kupata hadhi hiyo baada ya ile ya Semmering nchini Austria. Safari nzima kutoka New Jalpaiguri huchukua saa saba au zaidi, ilhali jipu huchukua kama tatu. Wageni wengi huchagua safari fupi ya kwenda Ghum na kurudi, ya takriban saa mbili, ambayo husimama Batasia. Huko reli hujipinda duara kamili kuzunguka bustani, na katikati yake limesimama mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa 1995 kwa heshima ya wanajeshi wa Kigorkha waliokufa wakilitumikia jeshi la India baada ya uhuru wa 1947. Karibu kila familia ya hapa ina ndugu aliyevaa sare hiyo.

Kwa mpenda matembezi kuna njia bora zaidi: kupanda na garimoshi hadi Ghum, kuingia katika nyumba ya watawa ya Yiga Choeling, iliyoanzishwa 1850 na yenye sanamu ya udongo ya Budha ajaye, yenye kimo cha zaidi ya mita nne, kisha kurudi mjini kwa miguu. Ni kama kilomita saba, nyingi zikiwa za kuteremka. Njiani kuna vibanda vya momo, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa nyama au kabichi na kupikwa kwa mvuke, vikiletwa na achari ya pilipili inayowasha hadi masikioni. Mwandishi Mmarekani Mark Twain aliteremka kwenye reli hii mwaka 1896 akiwa ndani ya kigari kidogo kisicho na injini, na akaisimulia safari hiyo kwa furaha kubwa katika kitabu chake cha mwaka uliofuata.

Uwanja wa mji na hekalu la wote

Moyo wa Darjeeling ni Chowrasta, uwanja mpana usioruhusiwa magari. Kuna mabenchi, farasi wadogo wa kukodi kwa watoto, maduka ya vitabu na ya chai, na sanamu ya Bhanubhakta Acharya, mshairi wa karne ya 19 aliyeiandika Ramayana kwa Kinepali. Sanamu hiyo haikuwekwa hapo kwa mapambo. Kinepali ndiyo lugha ya milima hii, si Kibengali, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha madai ya miaka mingi ya kutaka jimbo la wasemao Kinepali, Gorkhaland. Mwaka 2017 mgomo wa kudai jimbo hilo uliufunga mji kwa siku 104, hoteli zikabaki tupu na chai ikazeeka mashambani bila kuchumwa.

Kutoka uwanjani, njia fupi ya kupanda hufikisha kwenye hekalu la Mahakal, juu ya kilima cha Observatory. Hapa kuhani wa Kihindu na mtawa wa Kibudha huhudumu mahali pamoja, kengele na uvumba upande huu, bendera za maombi upande ule. Palikuwa na nyumba ya watawa kabla ya Waingereza kufika. Wao waliupata mgongo huu mwaka 1835 kutoka kwa mtawala wa Sikkim, wakitaka mahali pa baridi pa kupumzishia wagonjwa na askari wao.

Upande mwingine wa mji kuna kituo cha kujitegemea cha wakimbizi wa Tibet, kilichoanzishwa Oktoba 1959, mwaka uleule Dalai Lama alipokimbilia India. Wazee husokota sufi, wengine hufuma mazulia kwa mafundo yanayohesabiwa kwa vidole. Mgeni anaruhusiwa kuketi na kutazama, na hakuna anayemharakisha kununua.

Jioni ya baridi ina kinywaji chake. Tongba ni pombe ya nafaka iliyochachushwa, huletwa ndani ya chombo cha mbao au mwanzi, humiminiwa maji ya moto, na hunywewa kwa mrija wa mwanzi. Nafaka hiyo ni ulezi. Asili ya ulezi ni nyanda za juu za mashariki mwa Afrika, nao ulisafiri hadi Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita, ukapanda hadi Himalaya. Mswahili asiyekunywa pombe anaweza kuomba thukpa, supu ya tambi yenye mvuke, nayo humaliza baridi vilevile.

Nyumbani kwa wapanda milima

Nepal ilipokuwa imefungwa kwa wageni, misafara ya Waingereza ya kwenda Everest ya 1921, 1922 na 1924 ilianzia Darjeeling na kuingia Tibet. Hapa ndipo walipoajiriwa Masherpa wa kubeba mizigo, na vijana wa vijiji vya Nepal walihamia mjini kuitafuta kazi hiyo. Mmoja wao alikuwa Tenzing Norgay. Tarehe 29 Mei 1953 yeye na Edmund Hillary walisimama juu ya Everest, wa kwanza kabisa. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba 1954, Chuo cha Upandaji Milima cha Himalaya kilianzishwa Darjeeling kwa msukumo wa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, na Tenzing akawa mkuu wake wa kwanza wa mafunzo ya uwandani. Aliishi mjini humu hadi alipofariki 1986. Mpwa wake, Nawang Gombu, mkufunzi wa chuo hichohicho, alikuwa mtu wa kwanza duniani kuipanda Everest mara mbili, 1963 na 1965.

Chuo bado kinafundisha. Kozi ya msingi huchukua siku 28: wanafunzi hujifunza kamba, mafundo na miamba mjini, kisha hupelekwa kwenye barafu ya Sikkim Magharibi. Mgeni wa siku moja hutembelea jumba lake la makumbusho, lenye viatu, mitungi ya oksijeni na nguo za misafara ya zamani. Ukiviona viatu hivyo vya ngozi kwa karibu, unashangaa miguu iliyopanda navyo. Anayetaka kugusa mwamba mwenyewe huenda kwenye mwamba wa Tenzing, nje kidogo ya mji, ambako vijana hukodisha kamba na kumshikilia anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Chuo kiko ndani ya eneo moja na bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu, iliyoanzishwa 1958. Wanaokwepa bustani za wanyama wana sababu zao nzuri, lakini hii ina kazi maalumu: huzalisha wanyama wa kimo cha juu walio hatarini kutoweka, hasa chui wa theluji, mbwamwitu wa Tibet na panda mwekundu, mnyama mwenye mkia wa pete na manyoya ya rangi ya kutu. Mwaka 2003 panda wekundu wawili waliozaliwa humu waliachiliwa katika msitu wa Singalila. Bustani na chuo hufungwa kila Alhamisi, jambo linalowakwaza wageni wengi.

Majani mawili na chipukizi

Mwaka 1841, Dakta Archibald Campbell, msimamizi wa mji, alipanda mbegu za chai ya Kichina katika bustani yake. Zikaota. Miaka ya 1850 mashamba ya biashara yakaanza, na leo ni mashamba 87 tu yanayoruhusiwa kisheria kuiita chai yao "Darjeeling". Mwaka 2004 ilikuwa bidhaa ya kwanza ya India kulindwa kwa jina la mahali inapotoka.

Kwa msomaji aliyezoea chai ya Kericho au Mufindi, kikombe cha Darjeeling hushangaza. Ni chepesi, rangi yake ni ya dhahabu, na maziwa hukiharibu. Tofauti inaanzia kiwandani. Sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hupondwa, kuchanwa na kuviringishwa kuwa chembe kwa mashine zilizobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Hutoa rangi kali haraka, inayofaa maziwa na sukari. Darjeeling hushikilia njia ya zamani. Majani hunyaushwa usiku kucha kwa hewa, husokotwa bila kuchanwachanwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa ukubwa. Kilo moja ya chai kavu huhitaji kilo nne hadi tano za majani mabichi.

Msimu ndio huamua ladha. Chumo la kwanza, la Machi na Aprili, hutoa chai yenye harufu ya maua. Chumo la pili, Mei na Juni, ndilo lenye ladha ya zabibu inayowafanya wanunuzi wa Ulaya na Japani walipe bei kubwa, na ladha hiyo husababishwa kwa sehemu na vidudu vidogo vinavyofyonza majani, mmea ukijihami kwa kutoa kemikali zenye harufu.

Happy Valley, shamba la mwaka 1854, liko umbali wa kutembea kutoka katikati ya mji, na kiwanda chake hupokea wageni wakati wa msimu wa uchumaji. Ziara ya kiwandani ni nzuri, lakini heri zaidi kusimama ukingoni mwa shamba na kuwatazama wanawake wanaochuma. Hubeba tenga liitwalo doko mgongoni, likining'inia kwa mkanda uliopita juu ya paji la uso, mikono ikibaki huru kukata majani mawili na chipukizi. Mteremko ni mkali mno. Mtu asiye na mzigo hutembea akishikilia matawi. Ujira wao ni mdogo ukilinganishwa na bei ya chai hiyo katika maduka ya London au Tokyo, na vyama vyao vya wafanyakazi hugombana na wenye mashamba karibu kila mwaka kuhusu bakshishi ya sikukuu. Wakati huohuo vijana wao wanahamia mijini, na uzalishaji, uliowahi kupita kilo milioni 10 kwa mwaka, katika miaka ya karibuni umeshuka chini ya milioni 7.

Siku chache juu ya mpaka

Darjeeling pia ni mlango wa moja ya njia nzuri za kutembea katika Himalaya ya mashariki, tena isiyohitaji ujuzi wa kupanda milima. Huanzia Manebhanjan, kijiji kilicho zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini, na hufuata mgongo wa Singalila ambao ndio mpaka wa India na Nepal. Msafiri hunywa chai Nepal na kulala India, pengine bila kutambua amevuka mara ngapi.

Lengo ni Sandakphu, mita 3,636, mahali pa juu kabisa katika Bengal Magharibi. Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Manebhanjan, na wengi huzigawa kwa siku tatu za kupanda, wakilala Tumling na Kalipokhri katika nyumba za wenyeji. Aprili na mwanzo wa Mei, miti ya rododendro huwaka maua mekundu na ya waridi pande zote za njia, na magnolia nyeupe huchanua kwenye matawi yasiyo na jani hata moja. Katika msitu wa mianzi wa Gairibas wanaishi panda wekundu wa porini, ingawa kuwaona kunahitaji subira na mwongozaji mwenye macho makali.

Kutoka Sandakphu huonekana minne kati ya milima mitano mirefu kuliko yote duniani: Everest, Kangchenjunga, Lhotse na Makalu. Safu ya Kangchenjunga ina umbo la mtu aliyelala chali, uso, kifua na miguu vikiwa dhahiri, na wenyeji humwita Budha aliyelala. Wenye siku zaidi huendelea kwa mgongo hadi Phalut, kisha huteremkia vijiji vya bonde la Srikhola.

Wasioweza kutembea hupandishwa na Land Rover, na magari haya ni kivutio cha aina yake: mengi yaliundwa miaka ya 1950, na mafundi wa Manebhanjan wameyaweka hai kwa vipuri wanavyovitengeneza wenyewe. Lakini kupanda kwa gari kuna hatari yake. Mwili hupelekwa juu ya mita 3,600 kwa saa chache bila kuzoea hewa pungufu, na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kukosa pumzi si mambo ya kuvumilia kimya. Dawa ya kwanza ni kuteremka. Mwongozaji aliyesajiliwa ni wa lazima, na hifadhi ya Singalila hufungwa kwa wageni tangu katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba.

Mteremko unapodai haki yake

Milima hii ni michanga, bado inainuka, na udongo wake haujashikana. Mvua kubwa ikinyesha, ardhi huporomoka. Oktoba 2025 mvua ya usiku mmoja ilisababisha maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 20 katika wilaya ya Darjeeling na kuvunja daraja la Dudhia kwenye barabara ya kwenda Mirik. Miaka miwili kabla, tarehe 4 Oktoba 2023, ziwa la barafu la South Lhonak huko Sikkim lilipasuka, likafagia bwawa la umeme la Teesta III na kuzamisha nyumba za Teesta Bazaar, kijiji kilichokuwa kitovu cha michezo ya mashua za mpira katika mto Teesta. Mto ulibadilika kina na mkondo. Anayetaka kushuka maji ya Teesta leo aulize kwanza hali ya mto, na asipande mashua ya mwendeshaji asiyetoa koti la kuokolea na kofia ngumu.

Mjini kwenyewe tatizo ni maji. Darjeeling hupata mvua nyingi sana kila mwaka, lakini mvua hiyo hukimbilia mabondeni. Maji ya bomba hutoka kwenye mabwawa mawili ya Senchal yaliyojengwa enzi za ukoloni kwa mji mdogo zaidi, na msimu wa kiangazi malori ya maji ndiyo huwahudumia wakazi. Hoteli zenye uwezo hununua kwanza. Mgeni anayeoga kwa ndoo, kama wenyeji wanavyooga, huwa ameokoa maji ya familia jirani.

Maandalizi

Njia rahisi kwa msafiri wa Afrika Mashariki ni kuruka hadi Mumbai au Delhi, kisha kwa ndege ya ndani hadi Bagdogra, uwanja wa karibu zaidi. Wanaopitia Kolkata wanaweza kupanda garimoshi la usiku, Darjeeling Mail, hadi New Jalpaiguri. Kutoka huko majipu ya pamoja hupanda mlima mchana kutwa, na wenye kuumwa na mizunguko ya barabara wakae kiti cha mbele.

Siku nne mjini zinatosha kwa reli, chai, chuo cha wapanda milima na matembezi ya Ghum, huku zikiacha angalau asubuhi moja ya akiba iwapo mlima utakataa kujitokeza. Sandakphu inahitaji siku nyingine tano. Masweta ni ya lazima hata Mei, na Januari joto hushuka karibu na sifuri usiku. Viatu viwe vimeshavaliwa kabla ya safari, maana ngazi za Darjeeling ni nyingi na huteleza. Chumba kikodiwe kwa wenyeji wanaokaribisha wageni nyumbani kwao, mwongozaji achukuliwe Manebhanjan penyewe, na chai inunuliwe shambani ilikochumwa; hapo sehemu kubwa zaidi ya fedha ya safari huwafikia watu wa mteremko huu.